Mlituuliza Lini?

Basi liliondoka Malindi alfajiri, nami nilikuwa sijawahi kuvuka Garsen. Kikundi chetu cha kijiji huko Kilifi kilinichangia nauli, huyu shilingi mia, yule hamsini, niende Amu, yaani Lamu, nikajifunze. Mapajani nilipakata bahasha yenye nakala za barua tatu tulizoandika kuhusu machimbo ya kokoto yaliyokuwa yakipasua kuta za nyumba zetu. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Mara mbili tuliandamana, tukaimba hadi sauti zikakauka, tukarudi nyumbani kwenye vumbi lile lile.

Baada ya daraja la Mto Tana njia ilinyooka katikati ya vichaka, na vizuizi vya polisi vikawa vingi. Tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Witu, Hindi, kisha Mokowe, ambako barabara inaishia majini. Ilikuwa Novemba, musimu wa matlai, na bahari imelala. Boti ilipopita mikoko na safu ya nyumba nyeupe za Amu ikatokea mbele, moyo ulinidunda, maana sikujua nitaanzia wapi.

Mwenyeji wangu, mvuvi aliyekwisha kustaafu, alikuwa barazani. “Ndoo ukae, mwanangu,” akaniambia kwa Kiamu chake. Nilimwamkia, nikampa barua zetu. Alizisoma zote tatu, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akauliza: “Mumeandika hasira zenu zote. Mbona sioni mlipoandika mliulizwa lini?”

Swali hilo ndilo lililookoa bahari yao. Kwasasi, upande wa bara kaskazini ya kisiwa, palipangwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, na mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaipa leseni kampuni ya Amu Power. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi kadhaa walipeleka rufaa kwenye baraza la taifa la mashauri ya mazingira. Walieleza hofu ya majivu, moshi na maji ya moto kumwagwa baharini. Lakini tarehe 26 Juni 2019 leseni ilipofutwa, nguzo kubwa ya uamuzi ilikuwa wananchi wenyewe. Baraza lilikuta kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla utafiti haujakamilika, na ripoti yenyewe ilipotoka watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuichambua. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 nayo haikuwa imezingatiwa.

Nilipoyasikia hayo nilisikitika kwa miaka yetu miwili ya barua na maandamano. Nasi tuliitwa mkutanoni. Tuligawiwa soda, tukatia saini, tukaambiwa kazi zitakuja. Sikumbuki nani aliuliza nini, na hakuna aliyeandika.

“Karatasi ya mahudhurio ni kitu cha kuogopwa,” mzee akasema. “Ukitia saini pasipo kuandika ulilolisema, kesho itaitwa karatasi ya kukubali.”

Kesho yake alinipeleka ukingoni mwa maji, akanielekeza kidole upande wa bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET. Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya maarifa ya watu wasio na vyeti. Mtu wa mbali husema bahari ni kubwa, mvuvi ahamie kwingine. Lakini kusi ikivuma, chombo kidogo hakithubutu kutoka kwenda bahari kuu. Huvua ndani, kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa. Mkondo ukichimbwa na kufungwa kwa ajili ya bandari, mvuvi huyo hana kwingine pa kwenda. Mambo ya pepo na miamba yalikuwa kichwani mwa wavuvi tangu zamani. Yalipotafutiwa mawakili na kufikishwa Mahakama Kuu, yalisikilizwa: Aprili 2018 wavuvi wapatao 4,600 walitunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Maandamano yalikuwepo pia, na siyadharau hata kidogo. Ila jaji hawezi kuifungua barabara na kuisoma kama anavyofungua daftari.

Jioni mke wa mzee, Bi Mkubwa kama wote walivyomwita, alinimiminia kahawa, akaniuliza katika mikutano yetu wanawake husema nini. Nikamjibu kwamba hukaa nyuma, kimya. “Basi nyinyi mmesikia nusu ya kijiji,” akasema. “Waiteni peke yao, mchana, wakiwa na watoto wao. Na mtakayoyasoma yawe kwa lugha wanayoiota.”

Nilirudi na daftari jipya la kurasa 200. Wiki ya pili tuliwaita wanawake chini ya mwembe. Bibi mmoja, ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akisema neno hadharani, alisimama akatutajia kila mlipuko wa machimbo kwa kazi aliyokuwa akifanya: huu akipalilia mahindi, huu siku ya arobaini ya mumewe, huu akikanda unga wa futari, ukuta wa jikoni ukaanguka. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipompa kalamu atie saini, aliirudisha.

“Nisomee kwanza,” akasema, “nisikie kama ndivyo nilivyosema.”