Karanga kwenye Uji wa Mtoto

Ipililo sijawahi kumsikia mtu akiuliza mtoto aanze lini kula karanga. Anaanza pale uji unapoanza. Karanga zimo kwenye nsansa, zimo kwenye mlenda, zimo mfukoni mwa mchunga ng'ombe. Swali hilo lililetwa na dada yangu kutoka mjini, pamoja na mtoto wa miezi sita na simu.

Kwenye simu alikuwa amesoma kwamba karanga zinaweza kuua. Si uongo. Mwenye mzio mkali huvimba midomo na koo, akakosa pumzi ndani ya dakika chache. Na mtoto wake alikuwa na pumu ya ngozi, mabaka makavu kwenye mikunjo ya viwiko, hali inayoongeza uwezekano wa mzio wa chakula. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Haya, mume wangu, si wewe unayesomea vyakula? Sema."

Nasomea lishe, shahada ya uzamili, kwa hiyo nilisema. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto wenye hatari ya mzio wasipewe karanga hadi miaka 3. Mwaka 2008 ushauri huo ukaondolewa. Mwaka huohuo Gideon Lack na wenzake wa London walionyesha kuwa mzio wa karanga kwa watoto wa Kiyahudi wa Uingereza ulikuwa karibu mara 10 ya wenzao wa Israeli, ambako watoto hula vitafunwa vya karanga kabla hawajafikisha mwaka. Wakachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Kundi moja likala karanga kila wiki, jingine likazikwepa. Matokeo yalitoka 2015: kufikia miaka 5, katika kila watoto 100 waliokwepa, 17 walikuwa na mzio. Waliokula, 3.

"Kwa hiyo," Bibi alisema, "Wazungu wametumia miaka kumi na mitano kufika jikoni kwangu."

Dada hakucheka. Aliuliza kuhusu pumu ya ngozi, na alikuwa na haki. Mtoto ambaye hali yake ni kali anatakiwa apimwe kwanza, na kipimo hicho hukikuti kwenye zahanati ya kijiji. Ya mpwa wangu ilikuwa ya kawaida, na kwa watoto kama yeye ushauri ni kuanza nyumbani, kwenye miezi sita hivi. Nilimweleza hivyo, nikamwambia uamuzi ni wake.

Mimi nilihofia zaidi sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo huishika zikianikwa vibaya. Kuchemsha hakuiondoi. Lakini Bibi huchambua karanga kwenye ungo kama anayehesabu fedha: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote nje, hata kuku hawapewi. Zilizobaki alizikaanga na kuzitwanga hadi zikawa laini, maana karanga nzima humkaba mtoto hata asiye na mzio.

Dada alichagua Jumatatu asubuhi, zahanati ikiwa wazi na bodaboda ya jirani ikiwa uani. Alichanganya karanga kidogo kwenye uji mwepesi, akampa ncha ya kijiko. Tukangoja dakika kumi, sote macho kwenye midomo ya mtoto, ambaye alilia akidai zaidi. Akapewa polepole. Saa mbili baadaye alikuwa amelala, ngozi yake ileile ya jana.

"Jumatano tena," dada alisema. "Wiki ijayo yai."

Bibi akaweka ungo chini. "Yai? Mke mwenzangu, mtoto ukimzoesha mayai atakuwa mwizi."

Wakanigeukia wote wawili.