Povu la omo
Nina miaka 35, nina kazi ya ofisini, na natengeneza nyambizi za plastiki. Hii ya sasa ni ya Kijerumani, aina ya VIIC. Ya kweli ilikuwa na mita 67. Yangu, kwa kipimo cha 1/350, ina sentimita 19 tu.

Kuiunganisha si shida, kazi iko kwenye maji. Resini unaimimina kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, maana ukiimwaga nene kwa mara moja inapata joto na kupasuka. Mawimbi nayachonga juu yake kwa jeli ya akriliki.

Baba amekulia Lamu, na akija kwetu London haongei sana. Siku hiyo alivuta kiti. “Mwanangu, povu la omo liko wapi?”

Nikadhani sabuni ya kufulia! Kumbe omo ni mbele ya chombo, na nyuma ni tezi. Kiswahili chetu cha nyumbani kilikuwa cha chakula, salamu na kugombezwa. Bahari yake aliiacha kule kule.

Sasa kila Jumapili anakuja na neno jingine, nami naliandika. Ana miaka 78, yaani sina haraka ya kumaliza hii nyambizi.

Na wewe, mzee wako ana maneno gani ambayo hayajawahi kufika mezani?