Mji mzuri ni upi? Kutoka Katana mpaka Vienna



Kila mwaka kampuni moja ya London iitwayo Economist Intelligence Unit inatoa orodha ya miji 173 ya dunia, kuanzia mji ambao kuishi ndani yake ni raha mpaka ule ambao kuishi ndani yake ni taabu. Mwaka 2022, 2023 na 2024 wa kwanza ulikuwa Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 2025 Copenhagen ya Denmark ikachukua nafasi hiyo. Wa mwisho, miaka yote hiyo, ni Damascus ya Siria. Bukavu haimo. Katana tusiiseme.

Vijana wetu wanapokezana habari hizo kwenye simu, kisha jioni, bugali ikiwa mezani, mtoto anatuambia kwamba huku kwetu watu hawaishi, wanasukuma siku tu. Binti anataka Bukavu. Aliye Bukavu anataka Kampala au Nairobi. Aliye Nairobi anajaza karatasi za kwenda Marekani. Hatuwalaumu. Lakini tumeona tulizungumze jambo hili kwa urefu wiki hii, kwa sababu ni sisi tunaouza mbuzi ili nauli ipatikane, na anayeuza mbuzi ana haki ya kuuliza mtoto anakwenda wapi.

Kwanza, orodha hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nani? Kwa kampuni kubwa zinazotuma wafanyakazi wao mbali na kwao, ili zijue ni pesa ngapi za kuwaongezea wale wanaopelekwa kwenye miji migumu. Wanaangalia amani, hospitali, utamaduni na mazingira, masomo, na miundombinu, yaani barabara, maji, umeme, nyumba na simu. Vyote ni vitu vizuri, wala hakuna mama atakayevikataa. Ila vimepimwa kwa macho ya mtu anayeshuka kwenye ndege akakuta dereva anamngoja. Mtu huyo hawezi kuuliza kisima kiko mbali kiasi gani. Maji kwake yanatoka ukutani.

Basi sisi tuchukue kipimo chetu. Kipimo chetu ni mama mwenye bido ya litri 20 na mtoto mgongoni. Litri 20 za maji ni kilo 20, hata kabla ya kumhesabu mtoto. Tumpeleke mama huyu mji kwa mji tuone anafikaje.

Tuanze nyumbani. Katana iko karibu kilomita 50 kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara kubwa iendayo Kalehe na Goma. Chini yetu kuna ziwa Kivu, na Idjwi mbele ya macho. Juu yetu kuna mlima Kahuzi na mbuga yake ya Kahuzi-Biega, ambayo UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia mwaka 1980. Tuna hospitali ya Fomulac, iliyoanzishwa na madaktari wa chuo kikuu cha Louvain wakati wa Wabelgiji, na mpaka leo wagonjwa wanaletwa pale kutoka mbali. Jirani, Lwiro, kuna majumba makubwa ya utafiti yaliyoanzishwa mwaka 1947, na bustani zake na maktaba yake. Wazungu waliokuja kuchunguza mimea na wanyama walijengewa hapo kila kitu: nyumba, maji, taa, njia safi. Tunalitaja hili kwa kusudi. Mtu akisema kwamba vilima vyetu ni vigumu mno kwa bomba na waya, ajue kwamba vilishindwa kuwa vigumu mara moja tayari.

Mama wetu wa bido anashuka kwenye chemchemi asubuhi, anapanda. Wakati wa mvua njia inateleza, na mwenye mimba anashika majani ya pembeni asianguke. Juu ya vilima waya mkubwa wa umeme unapita, unatoka Ruzizi kwenda Goma. Nyumba nyingi zilizo chini yake zinawasha kibatari, au kataa kadogo ka jua kwa aliyebahatika. Jambo hili watoto wanatuuliza, na tunakosa jibu la kuwapa.

Kwenda Bukavu tunapita Kavumu penye uwanja wa ndege, kisha Miti, kisha Mudaka. Kiangazi tunafika na vumbi mpaka kwenye kope. Wakati wa mvua ni matope, na gari lililobeba ndizi, makala, mbuzi na watu linaweza kulala njiani. Anayelipa hasara hiyo ni mama mwenye nyanya, maana nyanya hazingoji. Kwa hiyo barabara mbaya ni kodi, na inatozwa kwenye kikapu.

Bukavu yenyewe, ukiiona kutoka ziwani, ni mji mzuri kweli. Rasi zake zinaingia majini kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville, wakaupanga kwa ajili ya watu wachache wenye bustani mbele ya nyumba. Leo una watu zaidi ya milioni moja. Vita viliwasukuma watu kutoka vijijini miaka kwa miaka, na mji haukuwa na mahali pa kupanuka isipokuwa kupanda vilima. Nyumba za mbao zimeshikana Kadutu, moja juu ya nyingine, hata maji machafu ya jirani wa juu yanapita mlangoni kwa jirani wa chini. Mvua kubwa inashusha udongo na nyumba pamoja na waliolala ndani. Moto ukianza kwenye jiko moja la makala, unakula mtaa kabla ndoo za maji hazijafika.

Na mjini umeme upo? Upo, unakuja na kuondoka. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwisho wa miaka ya 1950 palepale ziwa linapotokea, na Ruzizi II ikaanza mwaka 1989, ikigawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mto unapita mlangoni kwa Bukavu, na wamama wa Bukavu bado wanapika kwa makala yanayotoka huku kwetu. Misitu yetu inateremka barabarani ndani ya magunia ili delestaji ya mjini isilaze watoto na njaa. Tena wanaobeba magunia hayo mjini ni wamama wenzetu, kamba ikipita kwenye paji la uso, mgongo umepinda, wakipanda ngazi za udongo ambazo pikipiki imezikataa. Hospitali ya Panzi ya daktari Mukwege, iliyofunguliwa mwaka 1999, iko Bukavu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuheshimu mji ule. Lakini binti anayesema anakwenda mjini ili apumzike na kubeba, ni vizuri aongee kwanza na mmoja wa wamama hao.

Usiku, ukisimama Bukavu, unaona taa za Rwanda ng'ambo ya mto. Kwa yale tuliyoyapata kutokana na vita, si kila mama anapenda kusikia Kigali ikisifiwa, nasi tunamwelewa. Hata hivyo aisifuye mvua imemnyea, na wafanyabiashara wetu waliokwenda kule wanasema waziwazi: njia za miguu zipo, taa zipo, mifereji imejengwa kwa mawe. Mifuko ya plastiki ilikatazwa mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu wanatoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga. Mama wa bido anatembea vizuri Kigali. Lakini akiweka bidoni kitu cha kuuza, au akibeba beseni la ndizi kichwani, askari wanamfukuza, maana kuuza njiani ni marufuku. Tunauliza tu: mji uliosafishwa mpaka mama mwenye beseni ameondolewa, umesafishwa kwa ajili ya nani?

Nairobi ilipata mwaka 2022 barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Magari yanalipa na kupita hewani. Chini yake watu wanaenda kazini kwa miguu, wengi kabisa, na kule Kibera mama ananunua maji kwa bido, kwa bei inayopita ile ya mwenye bomba nyumbani. Maskini kulipa maji ghali kuliko tajiri si ajabu ya Nairobi peke yake. Angalieni Goma: ziwa lote liko mbele yao, mji umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na bado foleni za mabido zinaanza kabla ya jua.

Dar es Salaam imefanya jambo moja tunalolipenda. Tangu Mei 2016 kuna mabasi ya mwendokasi yenye njia yao wenyewe, na kituo kimeinuliwa kikalingana na mlango wa basi. Hupandi, unaingia. Mtu ambaye hajawahi kupanda lori akiwa na mimba ya miezi minane hawezi kujua thamani ya sentimeta hizo. Mabasi yanajaa kupita kiasi, wanalalamika kila siku, lakini aliyefikiria ule mlango alimfikiria mama, au angalau mama alifaidi.

Sasa twende Vienna, tuone aliyekuwa wa kwanza ana nini.

Jambo la kwanza lilitushangaza. Maji ya Vienna yanatoka milimani, mbali sana, na yanashuka mpaka mjini kwa kuteremka yenyewe ndani ya bomba. Bomba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1873, la pili mwaka 1910. Ni kazi ileile ya mabomba madogo ya vijiji vyetu yanayoshusha maji kutoka chemchemi za mlimani: chemchemi juu, watu chini, mteremko katikati. Tofauti ni kwamba wao walichimba mara moja, kisha kwa miaka zaidi ya 100 kuna mtu anayelipwa kulitunza. Huku kwetu bomba linazinduliwa kwa ngoma na hotuba, robinet inavunjika mwaka wa pili, na mama anarudi kwenye chemchemi ya bibi yake. Tena wale wanalinda misitu inayozunguka chemchemi, na sisi misitu hiyo ndiyo makala. Hapo tumejifunga wenyewe, ingawa njaa ndiyo iliyoshika kamba.

Jambo la pili ni la wanawake. Mwaka 1991 mfanyakazi mmoja wa mji, jina lake Eva Kail, pamoja na wenzake, waliweka maonyesho ya picha. Walichagua wanawake na wasichana wanane wa Vienna, wakafuata safari zao za siku moja: nani anapeleka mtoto shuleni, nani anasukuma gari la mtoto, nani anatembea na magongo, anavuka wapi, anaogopa wapi. Ikaonekana kwamba mji ulikuwa umepangwa kwa mwanamume anayetoka asubuhi kwa gari na kurudi jioni, lakini walio wengi miguuni ni wanawake, na wanapita mahali pengi kwa siku moja. Mwaka uliofuata mji ukafungua ofisi ya wanawake. Njia za miguu zikapanuliwa na taa zikaongezwa.

Kisha, kati ya 1993 na 1997, wakajenga nyumba 357 zilizochorwa na wanawake wajenzi. Kuna mahali pa kuweka gari la mtoto kila ngazi, shule ya chekechea humohumo, daktari humohumo, na jikoni mama anaona mtoto anapocheza nje. Waligundua pia kwamba wasichana wakikaribia miaka kumi wanatoweka kwenye bustani za kuchezea, kwa sababu wavulana wamechukua uwanja wote. Mwaka 1999 wakagawanya bustani mbili, wakaweka njia na viwanja vingine, na wasichana wakarudi. Tunadhani kila mama mwenye binti wa umri huo hapa Katana anajua binti wake anapotelea wapi. Anapotelea kwenye bido.

Ndugu zetu walioko ng'ambo wanatupigia na kutuambia kwamba maji ya moto yapo, mwanga hauzimiki, ila mtoto akiugua usiku hakuna mlango wa kugonga. Mama mmoja alijifungua na hakuna aliyekuja kumwogesha mtoto wala kumpikia uji siku zile za kwanza. Hilo nalo halimo katika orodha ya London. Hatulisemi ili kujifariji kwa umaskini; mtoto anayekufa kwa kuhara hafarijiwi na majirani wengi. Tunalisema kwa sababu tulicho nacho ni miundombinu pia, na binti anayeondoka anakiacha bila kukihesabu.

Kazi ya Eva Kail ilihitaji karatasi, picha na wanawake wanane. Hivyo tunaweza. Kwa mkutano wa Alhamisi ijayo, kila kikundi kilete mama mmoja ambaye siku yake imeandikwa tangu kuamka mpaka kulala: alipita wapi, alibeba nini, mara ngapi, wapi aliteleza, wapi aliogopa giza. Tunaomba kati yao awepo mjane, mwenye mimba, mama mwenye ulemavu, na msichana wa miaka kumi na miwili. Tutazichora njia zao zote kwenye kitambaa kimoja cheupe, na kitambaa hicho ndicho tutakachopeleka kwa wakubwa wa kijiji kabla hawajagawa pesa za njia na chemchemi. Mama asiyejua kuandika achorewe na mtoto wake. Kalamu ziko kwa mweka hazina.