Sanduku nyuma ya kiti: Lubumbashi mpaka Likasi

Siku ya posho iliyopita tulitoka Lubumbashi saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa bado machache, kwenda Likasi kumuona nkambo wa watoto. Ni kilometa 120 hivi kwa barabara ya taifa namba 1. Wengi wenu munaijua: malori ya shaba yanafuatana kama siafu, na katikati yao kunapita magari ya familia kama letu, Noah ya zamani ya viti 8, yenye watu 7 na mizigo ya watu 12.

Barabara hiyo ilitufundisha mwaka jana. Karibu na njia ya kuingia Kapolowe, lori la mbele yetu lilisimama ghafula. Bwana yangu alikanyaga breki na gari likasimama, lakini vitu havikusimama. Bidoni ya mafuta ya ngazi ya litre 5, niliyoiweka mimi mwenyewe juu ya mifuko, iliruka kiti cha nyuma na kumupiga mutoto wetu wa tatu kwenye kisogo. Nilitaka kumufikia, sikuweza, kwa sababu mifuko ilijaa kwenye njia ya kupitia. Wenzake waliogopa, wakapanda juu ya mizigo na kutokea kwenye mulango wa kushoto, katikati ya barabara! Magari haya yanatoka Japani, na kule wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mulango huo unafungukia pembeni. Sisi tunaendesha upande wa kuume. Kwetu unafungukia kwenye malori.

Mutoto alishonwa nyuzi 4. Muuguzi aliniuliza: "Mama, bidoni ilikuwa imefungwa na nini?" Sikuwa na jibu.

Tuliporudi nyumbani nilienda kwa fundi mbao. Bei aliyotaja ilipita zamu yangu yote ya likelemba. Nikanunua ubao wa triplexi, visi na kipande cha blanketi kuukuu, nikaazima musumeno kwa jirani. Bwana yangu alishika mita, mimi nikashika musumeno. Gharama haikufika hata nusu ya bei ya fundi.

Sanduku linakaa nyuma ya kiti cha mwisho, kwa upana wote wa gari, na lina vyumba 3. La kwanza nililitengeneza vibaya: kimo chake kilikuwa sentimeta 60, likaficha kioo cha nyuma, na dereva hakuona tena kinachomufuata. Nililifungua, nikalikata mpaka 40. Tangu hapo kanuni yetu ni hii: kitu chochote kisipite kimo cha mugongo wa kiti.

Jambo kubwa ni namna ya kulifunga. Musitoboe sakafu ya gari, kwa sababu chini yake kunapita mirija ya breki na ya petroli. Mimi nilitafuta zile pete za chuma ambazo kiwanda kilifunga sakafuni, nikalifunga sanduku humo kwa mikanda 2 ya mizigo, ile yenye kikazio. Kisha nililijaza mifuko ya muchanga, nikalivuta kwa mikono miwili, na bwana yangu akakanyaga breki kwenye njia tupu ya mutaa wetu, watoto wakiwa nyumbani. Sanduku lilisogea kidogo. Tukakaza mikanda, tukajaribu tena mpaka likatulia.

Vitu vizito, kama unga na mafuta, vinakaa chini kabisa, vikigusa kiti. Vyepesi vinakuja juu yake, na kifuniko kinafungwa kwa komeo. Kriki na ufunguo wa magurudumu nimeviachia chumba chao, ili tairi likipasuka tusishushe mizigo yote kando ya barabara. Ndani nimetandika blanketi, sufuria zisipige kelele. Nyuma ya viti vya mbele nimening'iniza mifuko ya kitenge iliyoshonwa kwa mashine yangu, ya nguo za mutoto muchanga na biskuti tu. Hakuna chupa.

Basi safari hii tulilipa peaji, tukapita msitu wenye mifuko ya makala imesimama kando ya njia kama watu wanaongojea gari. Karibu na Kapolowe tulisimama kununua samaki. Nilishuka wa kwanza, nikatazama malori, ndipo nikafungua mulango. Njia ndani ya gari ilikuwa tupu. Watoto walishuka mumoja mumoja, nikiwashika mukono. Yule wa tatu hakutaka kushuka. Alibaki ameketi, akigeuka kutazama sanduku, mpaka tulipoondoka tena.

Likasi ilitupokea na vilima vyake. Nkambo alitupikia bukari na sombe, na kesho yake, tulipoaga, akatoa zawadi: unga, viazi vitamu, kuku mumoja, na mufuko wa makala. Unga na viazi viliingia. Kuku aliingia katika chumba cha tatu ndani ya kikapu, kifuniko wazi, mukanda juu ya kikapu. Makala hayakupata nafasi, ila pale katikati, kwenye njia ya watoto.

Wamama, munajua kumukatalia mama mukwe zawadi si jambo dogo. Bwana yangu alinyamaza, akatazama viatu vyake. Nilimushika mama mukono, nikamuonyesha sanduku lililojaa, kisha nikamuita mutoto wa tatu na kuinamisha kichwa chake. Nkambo alipitisha kidole juu ya kovu, polepole. Alikuwa amesikia habari kwa simu tu, hakuwa ameliona.

"Makala yatakuja na basi," akasema, na yeye mwenyewe akauvuta mufuko mpaka barazani.

Mbele ya safari yenu, wamama, fungueni mulango wa nyuma na mushike kila kitu kwa mukono. Mujiulize: gari likisimama ghafula, hiki kitaenda wapi? Kama jibu ni kichwa cha mutoto, kifungeni, au kibaki nyumbani.