Fowadi Ndani ya Jezi Namba 12

Ukimtajia Mwingereza Kombe la Dunia la raga la 2015, jina la Sam Burgess halitachelewa kutajwa. Uingereza ilikuwa mwenyeji. Septemba 26 ikapoteza 28-25 mikononi mwa Wales uwanjani Twickenham, wiki moja baadaye ikalazwa 33-13 na Australia, na ikafungasha virago katika hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Lawama zilitafuta pa kutua, na nyingi zikatua kwenye mabega ya Burgess, jamaa ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja katika raga ya wachezaji 15 kila upande.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mechi ya Wales ilipopotea, Burgess alikuwa ameshaketi benchi. Alipotolewa, zikiwa zimebaki takriban dakika kumi, Uingereza ilikuwa mbele.

Mwaka huu nimeirudia rekodi ya mechi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Si kwamba naishabikia Uingereza. Mimi raga yangu ni ya Ngong Road, ile ya Jumamosi pale RFUEA, na ile ya saba kila upande inayotukesha Wakenya. Nairudia kwa sababu mwaka jana kazini nilibadilishwa namba, na nilitaka kumwona mtu mwingine aliyebadilishwa namba mbele ya dunia nzima.

Burgess hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Ni mtoto wa Dewsbury, kaskazini mwa Uingereza, mwili wa zaidi ya kilo 110, fowadi wa raga ya wachezaji 13. Mwaka 2010 alikwenda Sydney kuchezea South Sydney Rabbitohs. Oktoba 5, 2014, katika fainali ya ligi ya Australia dhidi ya Bulldogs, aligongana kichwa na Mwingereza mwenzake James Graham katika mgongano wa kwanza kabisa wa mechi. Mfupa wa shavu ukavunjika, na wa tundu la jicho pia. Akacheza hadi mwisho. Souths walishinda 30-6, ubingwa wao wa kwanza tangu 1971, na yeye akapewa medali ya mchezaji bora wa fainali. Wiki chache baadaye alikuwa Uingereza, katika klabu ya Bath, akianza mchezo mwingine.

Nasema mchezo mwingine kwa makusudi. Raga iligawanyika mwaka 1895 huko huko kaskazini mwa Uingereza, na chanzo kilikuwa pesa: klabu za maeneo ya viwanda na migodi zilitaka kuwafidia wachezaji wao kwa siku za kazi walizopoteza, wakubwa wa mchezo wakakataa. Kila upande ukaenda na njia yake, na kanuni zikazidi kuachana. Katika raga ya wachezaji 13, ukiangushwa mchezo unasimama kidogo. Unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, na walinzi wanarudi mita 10. Mnapewa nafasi sita za kuangushwa, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani. Kazi ya fowadi hapo ni kukimbia na kuugonga ukuta, kuinuka, kurudi, kisha kuwa ukuta wenyewe. Ujasiri wake ni kuufuata mgongano ulipo.

Senta wa raga ya wachezaji 15, hasa huyu wa ndani anayevaa namba 12, anaishi dunia nyingine. Skramu ikifungwa, mafowadi 16 wa timu zote mbili wamejikusanya mahali pamoja, kwa hivyo uwanja uliobaki ni mpana na walinzi wake ni wachache. Namba 12 anasimama kati ya namba 10 na namba 13. Akimrukia mwenye mpira mapema, anaacha mlango wazi nyuma yake. Akichelewa, ameshapitwa. Lazima amtazame mshambuliaji aliye mbele yake, amsikilize mwenzake wa pembeni, na ajue ni nani anakuja kwa nyuma akijifanya hahusiki. Kuna nusu sekunde ambayo lazima asimame tu. Kwa mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba anayesita ni mwoga, hiyo nusu sekunde ni ndefu kama foleni ya Mombasa Road.

Kusubiri kunafundishika. Ila hakufundishiki kwa kuelezwa ubaoni, ni lazima mwili urudie kitendo hadi uache kuuliza. Burgess hakupata nafasi hiyo, kwa sababu mabosi wake wawili hawakukubaliana yeye ni nani. Pale Bath alianza kama senta, kisha kocha Mike Ford akamrudisha miongoni mwa mafowadi, namba 6. Kocha wa taifa, Stuart Lancaster, alimtaka kama senta. Kwa hivyo katikati ya juma na wikendi za klabu alikuwa akijifunza kazi moja, na akiitwa kambini Uingereza anaulizwa nyingine. Mechi yake ya kwanza ya taifa, dhidi ya Ufaransa Agosti 15, 2015, alianza na namba 12 na akaonyeshwa kadi ya manjano. Mwezi uliofuata alikuwa Kombe la Dunia, huku Luther Burrell, aliyekuwa ameanza kama senta katika Six Nations ya mwaka huo, ameachwa nje ya kikosi. Jonathan Joseph alipoumia, Burgess akaanzishwa dhidi ya Wales.

Hapa ndipo nilipoanza kujiona mwenyewe.

Kwa miaka tisa nilikuwa mwandishi wa habari za mahakama. Milimani nilikuwa naijua hadi kiyoyozi kipi hakifanyi kazi. Kazi ile ni ya subira: unakaa, unasikiliza mawakili wakizunguka mbuyu, unaandika, na saa nane mchana, wengine wameshaondoka, shahidi anasema sentensi moja inayobeba kesi nzima. Mwaka jana kampuni iliunganisha madawati, watu wakapunguzwa, na waliobaki tukaambiwa tumepandishwa. Mimi nikawekwa dawati la video. Safari yangu ilikuwa kinyume cha ile ya Burgess: yeye alitolewa kwenye kugonga akapelekwa kusubiri, mimi nikatolewa kwenye kusubiri nikapelekwa kugonga.

Nami nilikuwa na mabosi wawili. Mhariri wa habari alitaka taarifa kamili za kesi kama zamani. Mkuu wa dijitali alitaka sekunde 90 mbele ya kamera, kila saa mbili, nikiwa mchangamfu. Kuna siku niliagizwa nitoke nikarekodi kwenye ngazi za mahakama, na hakimu akatoa uamuzi wa mirathi niliyoifuata kwa miaka miwili nikiwa huko nje natabasamu. Jioni bosi mmoja alinitumia ujumbe wa pongezi kwa video, na wa pili akaniuliza aya za uamuzi ziko wapi. Niliomba miezi mitatu ya mafunzo na bosi mmoja. Nikajibiwa, "Tutajifunza tukiwa njiani." Huyo "tu" alikuwa mimi peke yangu.

Wanaosema Burgess alishindwa kwa sababu fowadi hawezi kuwa senta wana kazi ya kueleza wengine. Sonny Bill Williams alikuwa fowadi wa raga ya wachezaji 13 kule Bulldogs. Mwaka 2008 alikwenda Toulon, Ufaransa, akajifunza usenta huko, na hakuichezea New Zealand hadi Novemba 2010. Alibeba Kombe la Dunia mwaka 2011 na tena 2015, mashindano yale yale yaliyomtafuna Burgess. Sitasema tofauti yao ni muda tu, kwa sababu Williams alikuwa na mikono ya ajabu ya kupitisha mpira akiwa anaangushwa. Lakini mikono hiyo ilipewa zaidi ya miaka miwili kuzoea nyumba mpya.

Na kwenye benchi la ufundi la Uingereza lenyewe alikuwapo Andy Farrell. Farrell alikuwa fowadi na nahodha wa Wigan katika raga ya wachezaji 13, akahamia Saracens mwaka 2005, akajaribiwa kwanza kama fowadi, kisha akaichezea Uingereza kama senta mwaka 2007. Dhidi ya Wales, namba 10 aliyesimama bega kwa bega na Burgess alikuwa Owen Farrell, mwanawe. Kumbe mtu aliyeipita njia hiyo kwa miguu yake alikuwa pale pale. Ujuzi ulikuwapo chumbani. Kalenda ndiyo haikuwa na nafasi.

Sasa tazama upande wa Wales usiku ule. Wachezaji wao wa nyuma waliumia mmoja baada ya mwingine, hadi Lloyd Williams, namba 9 kwa kazi, akajikuta anacheza wingi. Dakika ya 71 mpira ulimfikia pembeni. Hakujaribu kuwa winga. Aliupiga kwa mguu kuelekea katikati, jambo ambalo namba 9 hulifanya maisha yake yote, na Gareth Davies akaudaka na kufunga mguso. Mkwaju wa nyongeza ukaleta sare ya 25-25, kisha penalti ya mbali ya Dan Biggar ikamaliza kazi. Mtu aliye nje ya namba yake ndiye aliyeibeba Wales, na alifanya hivyo kwa ujuzi wake wa zamani, akiwa amesimama mahali papya.

Burgess naye, kwa haki, alifanya alichotumwa. Aliwekwa pale ili awazuie wabeba mpira wakubwa wa Wales wanaopita katikati, akina Jamie Roberts, na kwa dakika nyingi hawakupita. Lawama zilikuja kwa mambo ambayo hakutumwa na hakufunzwa.

Novemba 2015 alirudi South Sydney na kazi yake ya ufowadi, mkataba wake na Bath ukiwa haujaisha. Alikuwa ameichezea Uingereza mechi tano. Wengine walimwita mtoro. Nilipoacha dawati la video na kuwa mwandishi wa kujitegemea, baba yangu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa umerudi nyuma?" Sikumbishia. Nimehama Kilimani nikaenda Rongai kwa sababu ya kodi, kwa hivyo kwa hesabu ya kilomita nimerudi nyuma kweli. Lakini kesi za mirathi nazifuata hadi mwisho, na mwisho wa mwezi nikijumlisha, ninaishi.

Juzi binti mmoja tuliyefanya naye kazi alinipigia simu. Anapelekwa dawati la takwimu. Yeye ni mtu wa habari za afya. "Dada, nikubali?" Sikumwambia akatae. Habari za afya zina namba nyingi, huenda ujuzi wake ukapata kazi kule kama mguu wa Lloyd Williams. Nilimwambia aulize mambo matatu kwa maandishi kabla ya kusaini: bosi wangu ni nani, mmoja, nitapewa miezi mingapi ya kujifunza kabla ya kuanza kupimwa, na dawati langu la zamani litashikwa na nani.

Akanyamaza kidogo. "Na wakikataa kuandika?"

Nikamwambia hilo nalo ni jibu. Mkutano wake ni Jumatano.