Kipimo cha Gobori la Babu

Miongoni mwa vitu vilivyotajwa katika mirathi ya marhum babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ni gobori moja, pembe ya baruti na kifuko cha ngozi cha marisau. Gobori halikuvuka bahari. Tulilorithi ni masimulizi ya ami zangu juu ya namna alivyolishindilia.

Shambani Unguja, adui yake alikuwa kunguru wa Kihindi, ndege aliyeletwa kisiwani katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akaishia kula vifaranga vya watu na makinda ya ndege wengine. Kwa kunguru, babu alipunguza baruti na kutia marisau madogo. Kwa nguruwe mwitu aliongeza baruti, akatia kipande kizito cha risasi. Mtume (S.A.W.) alimtaja kunguru miongoni mwa viumbe ambavyo hata aliye katika ihramu ameruhusiwa kuviua, lakini pia alituamrisha wema katika kuua kwenyewe, mnyama asiteswe. Babu aliyashika yote mawili.

Kitukuu chake, mtoto wa kaka yangu, huwinda sungura wanaoharibu mazao katika mashamba ya Uingereza, kwa idhini ya wenye mashamba na kwa bunduki ya .22. Mwaka huu aliniuliza: “Ami, ikiwa babu aligeuza shehena yake kwa kila mnyama, mimi nina dhambi gani nikitoboa ncha za risasi zangu?”

Swali lake lina msingi. Risasi ya ncha ya mviringo, yenye uzito wa gramu 2.6 hivi, huweza kumpenya sungura ikatokea upande wa pili, naye akakimbilia shimoni kufa polepole. Risasi yenyewe huendelea na safari, na huweza kufika zaidi ya kilomita moja. Iliyo na tundu kwenye ncha hutanuka inapogonga, ikamaliza kazi papo hapo.

Hata hivyo, gobori na .22 si mamoja. Fataki ya gobori huvishwa mwisho, baada ya shehena kushindiliwa. Katika risasi hii, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887, kiwashio kimefungiwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Anayeibana ili aitoboe ameshika kitu kilicho tayari kulipuka. Tena, tundu likienda upande hata kidogo, uzito hupotea mizani, na risasi inayozunguka hewani huyumba. Kichwa cha sungura hakitoshi kiganja cha mkono. Kuyumba kidogo ni kumjeruhi badala ya kumuua.

Nilimwambia kwamba babu hakurithisha ufundi wa kutoboa, alirithisha kipimo. Viwanda huuza risasi zenye tundu lililonyooka, nyingine zikienda polepole kuliko sauti. Alinunua za aina tatu, akazipiga kwenye karatasi umbali wa mita 50, akachagua zile ambazo mtutu wake ulizikusanya pamoja. Sasa hapigi kupita umbali huo.

Ami zangu hawakubaliani kama babu alipima baruti kwa kifuu au kwa kiganja. Jamaa mwenye kumbukumbu ya hakika atuandikie, tuiweke pamoja na shajara ya ukoo.