Umesali Wapi Leo?

Mhariri wetu aliponiomba niandike kuhusu imani na maana ya maisha huku ughaibuni, nilicheka. Nikamwambia bwana, mimi ni injinia wa maji, mambo ya roho waulize wachungaji na masheikh. Akasema ndiyo maana nakutaka wewe. Basi nimeandika, na naomba wanaonijua wasinitanie sana tukikutana kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka.

Kila Jumapili jioni baba yangu hupiga simu kutoka Meru. Akishauliza hali ya hewa (kwake baridi ya Uingereza ni kama habari za vita, lazima azifuatilie), huuliza swali lile lile: "Umesali wapi leo?" Na kwa miaka miwili mimi nilijibu, "Hapa hapa karibu, baba." Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimelala, au niko maabara, au nimekaa sebuleni natazama mpira. Lakini jibu lilikuwa tayari mdomoni kabla hajamaliza kuuliza.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Wanaonijua wamegundua kwamba sicheki kwa mdomo wazi. Meno yangu ni ya kahawia, na daktari wa meno wa kwanza niliyemwona hapa Manchester aliniuliza kwa upole kama navuta sana sigara. Sijawahi kuvuta hata moja. Nimezaliwa upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na nadhani jina la mahali penyewe linatosha. Meru ni mlima wa volkano; maji yakipita kwenye miamba yake hubeba floraidi. Mtoto akiyanywa kabla ya kufikisha miaka minane hivi, meno ya ukubwani huota yakiwa yameshaharibika. Na hata magadi tunayotia kwenye maharage yana floraidi yake. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hupinda. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na miguu yake imeanza kutengana magotini.

Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Serikali yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini, na sio kwa ukatili, ila wangeshika ile 1.5 wangefunga visima vingi na watu wangekunywa nini? Sasa sikia kichekesho: kule Birmingham, tangu 1964, floraidi wanaitia makusudi kwenye maji ya bomba, kama miligramu moja kwa lita, ili kulinda meno ya watoto. Siku niliyosoma hilo nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Kwa hiyo lengo la maisha mimi nilikuwa nalo tangu darasa la saba. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba nitasafisha maji ya kwetu, na watu walinisikia. Nilipopata nafasi ya uzamivu, ada ililipwa na wafadhili, lakini nauli na koti la baridi vililipwa na usharika. Mliokulia kwenye makanisa yetu mnaujua mnada baada ya ibada. Asiye na fedha huleta mayai, mkungu wa ndizi, kuku. Siku ile kuku mmoja aliuzwa mara nne, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Nilipanda ndege na kuku yule mgongoni, kwa namna ya kusema.

Sasa nieleze nilivyoacha kusali. Ningependa kusema kulikuwa na sababu kubwa, labda nilisoma kitabu cha falsafa kikanitikisa. Hapana. Mwaka wa kwanza nilikwenda kanisani vizuri tu. Mwaka wa pili majaribio yangu yalihitaji kusomwa kila baada ya saa sita, Jumapili ikiwemo. Nikakosa moja, nikakosa tatu, na hakuna aliyeuliza. Kwetu ukikosa Jumapili mbili mzee wa kanisa anabisha hodi kuona kama unaumwa. Hapa hata mlango wangu haufahamiki. Kule Ardwick kuna kanisa zuri la matofali, la Mtakatifu Benedikto, ambalo sasa ni ukumbi wa kupanda kuta. Vijana wananing'inia kwa kamba palipokuwa pa kuabudia. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilikuta Wakristo wamekuwa asilimia 46.2, kutoka 59.3 mwaka 2011. Siwanung'unikii wenyeji kwa hilo, ni nchi yao. Nasema tu kwamba mahali kama hapa mtu anaweza kuacha imani bila kuamua kuiacha.

Nilijifariji: kazi yangu ndiyo ibada yangu. Naitafutia jamii maji safi, Mungu atake nini zaidi? Na kazi ilikuwa inakwenda. Nafanya kazi na mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi bila hewa ya kutosha, ambayo hunasa floraidi. Si ugunduzi wangu. Pale Ngurdoto, karibu kabisa na kwetu, kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi hiyo siku nyingi. Langu ni kuupaka mkaa chumvi ya aluminiamu ili udumu zaidi. Chujio langu dogo, jembamba kama kidole gumba, lilidumu siku 19 kabla ya kuchoka. Makala ikachapishwa. Nikamtumia baba, naye akaenda Usa River kutoa nakala za ukurasa wa kwanza, akawagawia watu wasiojua neno hata moja la Kiingereza.

Tatizo ni kwamba maji yale niliyatengeneza mwenyewe. Maji yaliyokenekwa, ukatia floraidi kwa kijiko, basi. Ndivyo kila mtu anavyoanza. Baadaye mwenzangu mmoja aliyekwenda likizo aliniletea chupa nne za lita moja na nusu kutoka kisima cha kwetu, amezifunga kwa kanga ndani ya sanduku. Nikayapitisha. Siku ya tatu chujio lilikuwa limekwisha. Maji ya Meru hayana floraidi peke yake, yana baikaboneti nyingi na ni makali kama magadi, na hivyo vyote vinagombania nafasi ile ile kwenye mkaa. Kemia ya kawaida, nilipaswa kulifikiria mapema.

Msimamizi wangu, mtu mwema kabisa, aliniambia nisihangaike: niandike sura fupi ya mapungufu, nitafaulu. Na kwa kanuni za chuo alikuwa sahihi. Lakini ninapoandika neno "mapungufu" mimi naona miguu ya mtoto. Usiku ule nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, mvua ikinyesha ile mvua ya hapa isiyoamua kama inyeshe au iache. Nilijaribu kuomba. Nikajikuta sijui nianzie wapi, kama mtu aliyesahau namba ya simu ya kwao.

Ninayekaa naye ni Mkenya wa Mombasa, Mwislamu wa kweli kweli. Mwezi wa Juni huku alfajiri inaingia saa tisa za usiku na yeye huamka. Asubuhi ile nilimweleza kwamba sisikii chochote tena, nikiomba ni kama nasema na ukuta. Akaendelea kukoroga uji wake. "Kwani wewe wangoja usikie?" akaniuliza. "Mimi saa tisa za usiku sisikii kitu ila usingizi. Naamka tu." Sikuridhika na jibu lile, na nilimwambia hivyo. Akasema haya, nipishe nipite.

Desemba nikaenda nyumbani. Jumapili ya kwanza, baada ya matangazo, mwinjilisti alisoma orodha ya waliomaliza ahadi zao za mwaka. Kwa ndugu zangu wa imani nyingine: kila msharika ana bahasha zenye namba yake, na kila Jumapili hutia alichoahidi. Akasoma, akafika: "Namba 214," na jina langu kamili. Nikadhani kuna mtu wa jina langu. Nikamtazama mama, yeye anatazama madhabahu. Kumbe kwa miaka yote niliyokuwa nje, mama alikuwa akitia kwenye bahasha yangu fedha ya maziwa. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kwa nini. Akashangaa swali lenyewe. "Sasa ningeiacha tupu, watu waseme umekufa?"

Jambo hilo limenikaa. Huku tunazoea kuona imani ni kitu cha ndani ya mtu, chake peke yake, naye ndiye wa kukipima kama kipo. Mimi nilipima nikakuta sifuri, nikaandika sifuri. Haikunijia kwamba muda wote huo nilikuwa nimeandikwa kwenye daftari la watu wengine, wakinilipia zamu yangu. Najua kuna watakaosema hayo ni mazoea ya kijiji tu. Huenda. Na sitaki kulipamba daftari lile, maana nimeona pia mjane anayekaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya matangazo kwa sababu namba yake haitasomwa. Hilo halinipendezi na nilimwambia mzee mmoja wa kanisa. Bado sijui la kufanya na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Alfajiri ya Jumatano ilikuwa zamu ya kwetu kukaribisha jumuiya ya nyumba kwa nyumba. Watu kumi na wanane, giza bado, mtoto wa dada yangu amelala mapajani mwangu. Kabla ya kusinzia aliniuliza, "Mjomba, mashine yako imefika?" Baba akasoma habari za Mara, pale Waisraeli walipokuta maji machungu jangwani na Musa akaonyeshwa mti, akautupa majini yakawa matamu. Akaomba kwa ajili ya chujio langu, akamshukuru Mungu kwa kunionyesha mti. Na nyinyi mnajua tena injinia alivyo: kichwani nilikuwa nauliza mti gani, na kwa lita ngapi. Lakini tumboni nilikuwa naumwa kabisa.

Jioni nilimkuta baba anakata majani ya ng'ombe nikamwambia yote. Kwanza la kanisa. Hakuacha kukata. "Hilo nalijua," akasema. "Wewe ukidanganya unajibu haraka. Tangu mdogo." Kisha nikamwambia la chujio, kwamba kwenye maji yetu halifai. Hapo aliweka panga chini.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi Jumatano utawaambia wenyewe."

Sijawahi kuogopa mkutano wowote wa kisayansi kama nilivyoogopa sebule ile. Nilisimama nikaeleza: nilitumia maji ya kutengeneza, yakakubali, ya kwetu yamekataa. Kimya. Nikasubiri mtu anikumbushe kuku. Bibi mmoja ambaye meno yake ni kama yangu, ila yamebaki machache, akauliza, "Kwa hiyo unarudi kumalizia, au ndiyo basi?" Nikasema narudi kumalizia. "Haya. Unataka maji mengine?"

Hivyo ndivyo nilivyopata madumu mawili ya lita ishirini kwa mzigo wa ndege, na gharama yake sitaitaja maana mke wangu mtarajiwa anasoma gazeti hili. Watoto wa shule waliandika majina ya visima kwa kalamu nyekundu. Nimeomba miezi sita ya nyongeza. Msimamizi ameridhia, ingawa fedha za kujikimu haziongezwi, kwa hiyo usiku naosha vyombo kwenye mgahawa. Sasa nayapitisha maji kwanza sehemu ya kupunguza ukali, ndipo yaende kwenye mkaa. Sijui kama itafaa. Na itabidi iwe rahisi kiasi cha mama kuimudu kwa fedha ya maziwa, la sivyo ni mapambo tu.

Kanisani narudi, sio kila wiki. Ni kanisa dogo, tuko kama ishirini, wengi wastaafu wa Kiingereza wanaoimba kwa sauti ya chini kama wanaogopa kumwamsha mtu. Yupo mama mmoja Mkongo wa Bukavu. Siku ya kwanza alinisikia nikihesabu chenji kwa Kiswahili, akanishika mkono mpaka ibada ikaisha. Mkiniuliza kama nimeanza kusikia kitu, nasema mara chache. Siku nyingine nakaa tu. Bahasha ya mwaka huu mama amesema nijaze mwenyewe. Nimetaja kiasi, ameona ni kidogo, tunaendelea kujadiliana.

Jumapili iliyopita baba alipiga kama kawaida. Akauliza baridi, akauliza swali lake. Nikamwambia leo sikwenda, chujio liko siku ya nane na sikuweza kuliacha.

Akanyamaza kidogo. "Maji yetu haya haya?"

"Ndiyo, baba. Ya kisima cha shuleni."

"Siku ya nane, na bado linashika?"

"Mpaka saa hizi bado."

"Haya," akasema. "Kalale. Jumapili ijayo uende."